Kigugumizi, Kukariri na Sauti ya James Earl Jones

Katika vyuo vyetu vya ualimu neno "kukariri" limekuwa karibu tusi. Mwanachuo akitaka kumshutumu mwalimu aliyemfundisha shule ya msingi, husema kwamba alikuwa "akiwakaririsha tu". Lawama hiyo ina msingi. Mtoto anayetaja jedwali la saba kwa saba kama kasuku, asijue saba ni nini, hajafundishwa hesabu. Hata hivyo, kwa maoni yetu lawama hiyo imepita kiasi, na katika kuikimbia kasumba ya kukaririsha tumeacha pia jambo moja lenye manufaa makubwa, nalo ni mtoto kusimama na kusema kwa sauti maneno aliyokwisha yahifadhi moyoni. Wako watoto ambao kwao hiyo ndiyo njia ya kwanza ya kufungua kinywa. Mfano wetu tunautoa mbali, Marekani, katika maisha ya mwigizaji James Earl Jones aliyefariki tarehe 9 Septemba 2024 akiwa na umri wa miaka 93.

Wengi wasiolijua jina lake wanaijua sauti yake. Ndiye aliyemsemea Darth Vader katika filamu ya Star Wars ya mwaka 1977, huku mwigizaji mwingine akilivaa vazi jeusi na kutembea. Ndiye pia aliyekuwa sauti ya mfalme Mufasa katika The Lion King ya mwaka 1994, filamu iliyoazima kwetu majina ya Simba na Rafiki. Ilikuwa sauti nzito, yenye utulivu, isiyo na haraka. Mwenye sauti hiyo alipokuwa mtoto alikaa shuleni karibu miaka minane pasipo kusema.

Alizaliwa tarehe 17 Januari 1931 huko Arkabutla, jimbo la Mississippi. Baba yake hakuwako nyumbani, naye akalelewa na babu na bibi wazaao mama. Alipokuwa na umri wa miaka mitano hivi wazee hao walihama naye wakaenda kulima Michigan, kaskazini kabisa. Kwa maelezo yake mwenyewe, uhamisho huo ulimtikisa, na kigugumizi kikamshika. Wenzake walipomcheka, aliamua kunyamaza. Nyumbani alisema machache, na zaidi alisema na mifugo. Darasani aliandika majibu yake, na walimu wakaridhika nayo.

Hapa tunamwomba mwalimu anayesoma makala haya atue kidogo. Mtoto wa namna hiyo kwetu angeandikiwaje katika taarifa ya maendeleo ya mwisho wa muhula? Tunaamini angeandikiwa: "Ni mtulivu na ana nidhamu." Mtoto anayepiga kelele tunamwona mara moja. Huyu asiyesema anatupumzisha, na kwa sababu anatupumzisha tunamsahau.

Aliyemtoa katika ukimya huo ni mwalimu wa shule ya sekondari katika kijiji cha Brethren, Donald Crouch, mtu aliyekuwa amefundisha chuoni kabla ya hapo na aliyependa sana mashairi. Crouch aligundua kwamba kijana yule bubu alikuwa akiandika mashairi. Ilikuwa majira ya baridi, na serikali ilikuwa imegawa mabalungi katika eneo lile. Kijana alilifurahia tunda hilo hata akalitungia shairi la kulisifu, akifuata mapigo ya utenzi mrefu wa Longfellow juu ya Hiawatha. Crouch alipolisoma alisema ni zuri mno kiasi cha kutia shaka kama kweli ni lake. Ikiwa ni lako, akamwambia, simama mbele ya darasa ulitoe kwa moyo. Kijana alisimama, akalitoa lote, na kigugumizi hakikutokea.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kana kwamba ni muujiza, na msimulizi huishia hapo. Sisi tuna mashaka na usimulizi huo.

Kwanza, ile hila ya Crouch si mbinu ya kufundishia. Kumshuku mtoto wizi mbele ya wenzake ni hatari. Laiti kijana angekwama katika mstari wa tatu, angerudi kitini akiwa mwizi na kichekesho kwa pamoja, na huenda dunia isingeisikia sauti ile kamwe. Crouch alimjua mwanafunzi wake, akabahatisha, akapata. Mwanachuo anayeanza kazi asiiandike hila hiyo katika andalio la somo.

Linalofaa kuchukuliwa ni kile kilichokuwamo kinywani mwa kijana. Yalikuwa maneno yake mwenyewe, ameyahifadhi, na yana mizani. Mtu anaposema kwa kawaida hutafuta la kusema na namna ya kulisema kwa wakati mmoja, na mwenye kigugumizi huliona neno gumu likimjia kwa mbali kama mtu aonavyo shimo njiani. Katika shairi lililohifadhiwa maneno yamekwisha pangwa, na mapigo yake humbeba msemaji. Ndiyo sababu watu wengi wenye kigugumizi huimba bila kukwama, na wakisoma pamoja na wengine kwa sauti moja, ulimi huwalegea. Wataalamu wa matamshi wamelijua jambo hili kwa muda mrefu. Ajabu ni kwamba halijafika katika masomo yetu ya mbinu.

Pili, Jones hakupona siku ile. Yeye mwenyewe alieleza hata uzeeni kwamba kigugumizi alikuwa nacho bado, na kwamba alijifunza kukipita kwa kuchagua maneno. Kilichofuata baada ya shairi la balungi ni kazi ya miaka: kusoma kwa sauti pamoja na Crouch, na kushiriki mijadala na mashindano ya kuhutubia. Alikwenda Chuo Kikuu cha Michigan akikusudia udaktari, akageukia uigizaji. Katika mji wa Manistee, kwenye jumba la Ramsdell, alifanya useremala wa jukwaa kabla ya kupewa nafasi za kuigiza. New York alijikimu kwa kazi za usafi.

Mwaka 1968 alisimama Broadway katika tamthilia ya Howard Sackler, The Great White Hope, akiigiza mwanamasumbwi mweusi ambaye habari zake zilitokana na maisha ya Jack Johnson. Kwa kazi hiyo alipata tuzo ya Tony mwaka 1969, na filamu yake ya mwaka 1970 ikamfanya ateuliwe kuwania tuzo ya Oscar. Alipata Tony nyingine mwaka 1987 kwa tamthilia ya August Wilson, Fences. Mwaka 2022 jumba moja la Broadway lilipewa jina lake.

Na tuangalie kazi yenyewe ya mwigizaji. Hupewa maneno ambayo hawezi kuyabadili. Huyarudia kwa majuma mengi hata yakawa kama mwili wake. Lakini hawezi kuyatoa vizuri asipojiuliza mtu huyu anataka nini, anamwogopa nani, kwa nini ananyamaza hapa. Jones alihifadhi na kuelewa kwa pamoja, na kila kimoja kilikitia nguvu kingine. Wanaotufundisha kwamba kukariri ni adui wa kuelewa wameliangalia jedwali la hesabu tu, hawajaliangalia jukwaa.

Watoto wapatao watano katika kila mia hupita katika kigugumizi, na kwa mmoja hivi katika mia hubaki hata ukubwani, wavulana wakizidi wasichana. Basi katika shule ya wanafunzi 800 wako kama wanane. Tukiwa katika ukaguzi wa mazoezi ya kufundisha tumewaona. Mwalimu anasomesha kwa zamu, dawati baada ya dawati, kila mmoja aya yake. Mtoto huyo hasikilizi hadithi. Anahesabu madawati yaliyobaki kabla ya kufikiwa.

Badala ya zamu hiyo, darasa lisome pamoja kwanza, kisha wawili wawili, na mwenye kigugumizi apewe aya yake siku mbili kabla. Akikwama, mwalimu asimmalizie neno, wala asimwambie avute pumzi. Angoje tu, na uso wake usionyeshe haraka. Wale watakaotuambia kwamba madarasa ni makubwa na muda ni mfupi, tunawajibu kwamba kusoma pamoja huchukua muda mfupi kuliko zamu.

Tena tunazo ngonjera, ambazo marehemu Mathias Mnyampala alizieneza katika miaka ya 1960. Zina mizani, zina vina, huhifadhiwa moyoni, na msemaji huwa mtu mwingine kwa muda. Kwa mtoto mwenye kigugumizi ni vigumu kubuni zana iliyo bora zaidi. Lakini shuleni huzitoa siku ya mgeni rasmi tu, na wanaochaguliwa ni wale wale ambao hawajapata kukwama hata siku moja.

Fomu tunayoitumia chuoni kumkagua mwanachuo darasani ina nafasi ya sauti ya mwalimu, matumizi ya ubao, zana, na usafi wa mavazi. Tunapendekeza iongezwe nafasi moja, ijazwe na mwanachuo mwenyewe mara kipindi kinapokwisha: wataje kwa majina wanafunzi ambao hawakusema neno lolote leo. Mistari mitatu yatosha kwa kuanzia, na asiyeyajua majina hayo aiache wazi, mkaguzi aione.