Duka lisilo na dira humchosha mfanyakazi, kisha humfilisi mkulima

Mkulima anayepeleka nyanya, mayai au maziwa kwenye supamaketi kwa kawaida huangalia mambo mawili: bei na siku ya kulipwa. Lipo jambo la tatu ambalo wengi hulipuuza, nalo ni hali ya vijana wanaopokea mzigo kule mlango wa nyuma. Ikiwa vijana hao hawajui kampuni yao inakwenda wapi, basi mkulima naye hajui fedha yake itarudi lini.

Manung'uniko ya wafanyakazi yapo kila mahali. Mshahara haujawahi kumtosha mtu, na bosi hakosi lawama. Lakini manung'uniko yako ya aina mbili. Anayesema "tunalipwa kidogo" analalamikia mfuko wake. Anayesema "hatujui tunafanya nini hapa" analalamikia uongozi, na malalamiko hayo mfanyabiashara mwenye akili huyasikiliza kwa makini.

Dalili zake si ngumu kuzitambua. Jumatatu inakuja amri ya kushusha bei, Alhamisi inakuja nyingine ya kuzirudisha. Meneja wa tawi anabadilishwa kabla hajawazoea wateja. Tawi jipya linafunguliwa kwa ngoma na maputo huku tawi la zamani halina sukari. Keshia anaulizwa na mteja unga utakuja lini, naye anajibu "mzigo haujafika" kwa wiki ya tatu mfululizo, kwa kuwa hakuna aliyemweleza jibu jingine. Wahenga walisema, nahodha wengi, chombo huenda mrama. Lakini hata nahodha akiwa mmoja, asipowaambia mabaharia bandari wanayoelekea, mrama ni ule ule.

Mifano tunayo hapa hapa Afrika Mashariki. Nakumatt ilianzia Nakuru, nchini Kenya, kwa kuuza magodoro, na jina lake linatokana na mji huo na biashara hiyo. Ilikua hadi kuwa na matawi zaidi ya 60 katika nchi za Kenya, Uganda, Rwanda na Tanzania. Hapa kwetu ilifungua duka Moshi mwaka 2011, na mwaka 2014 ikachukua maduka yaliyokuwa ya Shoprite mjini Dar es Salaam na Arusha. Ilipofika mwaka 2017 rafu zake zilikuwa tupu, mishahara inachelewa na wenye majengo wanadai kodi. Januari 2018 mahakama ya Nairobi iliiweka chini ya msimamizi, ikiwa na madeni ya zaidi ya Sh30 bilioni za Kenya. Januari 2020 wadai walipiga kura ifungwe, na matawi machache yaliyobaki yakachukuliwa na Naivas.

Uchumi nayo ina somo lake. Ilianzishwa na Serikali ya Kenya mwaka 1975 ili wananchi wapate bidhaa muhimu kwa bei ya nafuu. Mwaka 2006 ilifunga milango. Serikali ikaingia kati, uongozi mpya ukawekwa, maduka yakafunguliwa tena, na mwaka 2011 hisa zake zikarudi katika Soko la Hisa la Nairobi. Kwa miaka hiyo michache kampuni ilikuwa na lengo moja linaloeleweka na kila mtu, kuanzia mkurugenzi hadi mfagiaji: kufufuka. Baada ya kufufuka, lengo likawa kutanuka. Juni 2015 bodi ilimwondoa mkurugenzi mtendaji, na Oktoba mwaka huo maduka ya Tanzania na Uganda yakafungwa kwa maelezo kwamba hayakuwa yakileta faida.

Tujiulize, kampuni kubwa namna hiyo huangukaje wakati wateja bado wanapanga foleni? Jibu liko katika kitu ambacho kila muuza duka anakijua: mali kauli. Supamaketi hupokea maziwa leo, huyauza kesho kwa fedha taslimu, na humlipa aliyeyaleta baada ya siku 30, 60 au hata 90. Katikati hapo kuna fedha nyingi mkononi ambazo si za kampuni. Uongozi wenye mpango huzitunza ili zimlipe mwenye mali siku yake ikifika. Uongozi usio na mpango huziona kama faida, huzifungulia matawi, na tawi jipya lisipolipa, hufungua jingine ili lizibe pengo la lile la kwanza. Siku wenye mali wanapogoma kuleta mzigo, rafu hukauka, wateja huhama, na hapo hakuna tena wa kulipwa.

Wa kwanza kuliona hilo si mkaguzi wa hesabu wala gazeti. Ni mtunza stoo anayeona oda zinapungua, na kijana wa kupanga rafu anayeambiwa atawanye chupa chache zionekane nyingi. Hao wanajua. Kwa kuwa hawaulizwi wala hawaelezwi, walio hodari huondoka kimya kimya kwenda kwa washindani, na wanaobaki hufanya kazi ilimradi siku ipite.

Wapo wamiliki wanaosema mipango ya biashara ni siri, na kwamba mfanyakazi analipwa afanye kazi, si apange. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Bei unayonunulia mzigo inaweza kuwa siri. Mwelekeo wa kampuni hauwezi kuwa siri kwa watu wanaotakiwa kuutekeleza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayetaka kupunguza wafanyakazi awape taarifa, awaeleze sababu na kushauriana nao kabla ya kuwaondoa. Sasa kama ni lazima waelezwe siku ya kuagwa, kwa nini wasielezwe mapema, wakati mawazo yao bado yanaweza kuokoa kitu?

Mkulima asidhani habari hii ni ya wenye maduka tu. Kampuni ikifilisika, benki yenye dhamana huchukua kilichowekwa dhamana. Wafanyakazi nao hutambuliwa na sheria katika sehemu ya madai ya mishahara yao. Aliyepeleka mchicha kwa mali kauli husimama mwisho wa foleni, na mara nyingi foleni humfikia fedha zikiwa zimekwisha.

Kwa hiyo, unapopeleka mzigo, zungumza na wanaoupokea. Uliza kama mishahara inatoka kwa wakati, na kama meneja wa mwezi uliopita bado yupo. Usipeleke mzigo wa tatu wakati wa kwanza haujalipwa. Hakikisha kila hati ya kupokelea imesainiwa na kugongwa muhuri, na mkataba wako unataja siku ya malipo. Usitegemee mnunuzi mmoja, hata awe na jengo la ghorofa na taa za kumetameta. Mkiwa kwenye chama cha ushirika, wekeni ukomo wa mali kauli na msimamie kwa pamoja, maana mkulima mmoja akidai peke yake huambiwa aje kesho.

Na wewe mwenye duka la vijana wawili pale sokoni, usicheke makampuni. Je, vijana wako wanajua mwaka huu unataka kufika wapi? Wanajua ni bidhaa gani inakuletea faida na ipi inakula mtaji? Tenga nusu saa jioni ya Jumamosi, uwaeleze hesabu ya wiki na mpango wa wiki ijayo, kisha uwape nafasi ya kusema. Watakuambia mteja gani amehama, na kwa nini. Taarifa hiyo haina gharama, na makampuni yaliyoanguka yalikuwa nayo ndani ya maduka yao wenyewe, midomoni mwa watu ambao hakuna aliyewauliza.