Shingo ya dogo siyo ya farasi, fungueni hiyo kamba

NILIFIKA Nkwenda, wilayani Kyerwa, kutazama mazoezi ya vijana wa chini ya miaka 15. Nilikwenda kusaka habari ya straika mmoja anayetajwa sana kule. Nimerudi na habari nyingine kabisa, na ndiyo hii ninayoiandika.

Dogo mmoja, kiungo, alikuwa amefungwa kitambaa kwenye paji la uso. Kutoka kisogoni ulishuka ukanda uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, ukapita mgongoni hadi kwenye mkanda kiunoni. Akijaribu kuinama kuangalia mpira, ukanda unamvuta juu. Basi akawa anakokota mpira katikati ya chupa za maji zilizojazwa mchanga, kidevu kimeinuka kama mtu anayesubiri kunyolewa. Wenzake wanacheka. Raundi ya tatu akakanyaga mpira, akaenda chini kwa mgongo, na shingo ikakataa kukunja kwa sababu imefungwa. Hakuvunjika kitu, tunashukuru. Ila alikaa pembeni dakika zote zilizobaki, akijisugua kisogo, na hakuna aliyemwita tena.

Nikamfuata kocha. Ni kijana tu, anajitolea, mipira miwili aliyonayo kanunua kwa hela yake mwenyewe. Nikamuuliza ile kamba kaitoa wapi. "Kaka, hawa wote wanacheza wameangalia chini. Nimewaambia weee, nimechoka. Nikaona kwenye simu farasi wa Olimpiki, wanafungwa kamba mpaka shingo inakaa. Nikasema ngoja nijaribu."

Simtaji jina wala timu yake, maana kosa hili siyo la kwake peke yake. Na kuhusu ugonjwa alioutaja, yuko sahihi kabisa. Zunguka Kayanga, Omurushaka, Isingiro, Kaisho mpaka Murongo pale mpakani na Uganda, utaona vipaji vya kufa mtu. Winga anapiga chenga wawili, watatu, anafika kwenye mstari, halafu anapiga krosi inayokwenda kwa golikipa. Straika wake alikuwa huru kwenye penalti tangu chenga ya kwanza, lakini winga hakumwona kwa sababu alikuwa anatazama viatu vyake. Kiungo anapokea pasi akiwa amegeukia goli lake, hajui nyuma yake kuna nani, anapokwa. Mchezo unaisha hapo.

Tatizo liko kwenye dawa.

Tuanze na hao farasi wenyewe, kwa kuwa ndio walioletwa kwenye mjadala. Uingereza ya karne ya 19 matajiri walipenda farasi wa gari awe amenyanyua kichwa, aonekane ana madaha. Wakamfunga hatamu fupi inayozuia asishushe shingo. Barabarani alipendeza kweli. Kwenye mlima akashindwa, maana farasi anayevuta mzigo mlimani anahitaji kuinamisha kichwa ili mwili wote usukume. Anna Sewell aliandika riwaya ya Black Beauty mwaka 1877 na mateso ya hatamu hiyo yamo ndani yake. Kitabu hicho kilisaidia sana watu kuichukia. Karne moja na zaidi baadaye ugomvi ukarudi kwa upande wa pili, safari hii wapanda farasi wa mashindano wakivuta shingo mpaka kidevu kinagusa kifua. Februari 2010, Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi (FEI) lilikutana Lausanne, Uswisi, likasema kukunja shingo ya farasi kwa nguvu hakukubaliki. Hao ni farasi, jamani. Mnyama ana shirikisho linalokaa kikao kuijadili shingo yake, mtoto wa Nkwenda hana.

Na walimu wazuri wa farasi wanafundisha jambo moja ambalo kocha wa mpira angelipenda: kichwa kinafuata mwili. Farasi akisukuma vizuri kwa miguu ya nyuma na mgongo wake ukapata nguvu, shingo inajipanga yenyewe. Ukianza na kichwa kwa kamba, unapata picha nzuri na farasi mbovu.

Sasa rudi uwanjani. Yule dogo kichwa chake kilikuwa juu, sawa. Alikuwa anaona nini? Mawingu. Hakuuona mpira, hakumwona mwenzake, na kugeuza shingo kulia au kushoto ilikuwa kazi. Tunaposema "cheza kichwa juu" tunamaanisha macho yafanye kazi: chini kidogo, juu, kulia, kushoto, nyuma ya bega, halafu mpira ukija tayari unajua unapeleka wapi. Profesa Geir Jordet wa Norway alihesabu jambo hili kwa wachezaji wa Ligi Kuu ya England. Alihesabu mara ngapi mchezaji anageuza uso kutoka kwenye mpira ili achungulie mazingira kabla hajapokea. Frank Lampard aliongoza, karibu mara 0.62 kwa kila sekunde, Steven Gerrard akimfuata kwa karibu mno. Yaani kwenye sekunde kumi kabla ya pasi kumfikia, Lampard anachungulia mara sita. Na wanaochungulia sana ndio waliokamilisha pasi nyingi zaidi. Shingo ya Lampard ilikuwa inazunguka kama ya bundi. Ukimfunga tyubu ya baiskeli humpati Lampard.

Kuna pia ile miwani ya plastiki inayoziba macho kwa chini usiuone mpira mguuni. Nimesikia timu moja Karagwe inachangisha wazazi ili iagize. Miwani siyo kamba, haimvuti mtu shingo, na sisemi ni uchawi. Dakika chache kwa mtoto ambaye tayari anaukokota mpira vizuri, kisha unaivua anacheza bila hiyo, sina ugomvi. Lakini mtoto akizoea miwani, siku ya mechi mpira unarudi kuonekana na macho yanarudi pale pale. Na ukiniuliza mimi, hela ya mzazi anayesubiri msimu wa kahawa ndiyo alipe ada ianze kwenye mipira. Timu yenye watoto 25 na mipira miwili haina shida ya miwani.

Kwa nini hasa watoto hawa wanaangalia chini? Kocha yeyote angeanza na swali hili. Mtu anaangalia chini kwa sababu mguu wake hauuamini mpira. Na mguu hauuamini mpira kwa sababu mpira wenyewe hauamini uwanja! Ule uwanja wa Nkwenda nimeutembea kutoka goli hadi goli. Mvua imechimba mfereji karibu na kona, ng'ombe wamepita na kuacha mashimo ya kwato, upande mmoja uko juu kuliko mwingine. Pasi ya chini inadunda mara nne njiani. Ukinyanyua macho nusu sekunde, mpira umekupanda kwenye goti. Mtoto mwenye akili hapo ataangalia chini, na anafanya hesabu sahihi. Ajabu ni kwamba wadogo zao wanaocheza nyuma ya nyumba na mpira wa majani makavu ya mgomba wanainua vichwa kuliko wao. Ule mpira haudundi, unakaa pale ulipouacha.

Kwa hiyo mkitaka vichwa vipande, sawazisheni ardhi. Halmashauri zote mbili, Karagwe na Kyerwa, barabara zake za vumbi zinachongwa kwa greda. Greda likishakuwa kijijini, lipewe siku moja ligeuze uwanja wa shule. Maofisa michezo wanaweza kuandika barua hiyo kesho asubuhi.

Makocha nao wapewe kitu cha kushika. Chama cha soka cha mkoa na TFF, kozi ya daraja D ya CAF ipelekwe Kayanga, siyo kila kitu Bukoba mjini, maana mwalimu anayejitolea hawezi kulipa nauli, chakula na gesti kwa hela ya mfukoni. Pale angefundishwa zoezi lisilo na gharama hata shilingi: wewe kocha simama nyuma ya mchezaji, nyoosha vidole, kabla pasi haijamfikia, ageuke, ataje idadi, ndipo apokee. Anayekosea anarudia. Baadaye unaweka wenzake wawili nyuma yake, mmoja anapiga hatua mbele, na yeye anampasia huyo. Hakuna kamba, hakuna miwani.

Mkoa huu umeiona Kagera Sugar ikishuka daraja mwisho wa msimu wa 2024/25. Tunalia kwamba Kaitaba imepoa. Wachezaji wa kuirudisha wako kwenye viwanja kama hivi, na kuna mwenye miaka 13 ambaye huenda wiki ijayo asirudi mazoezini kwa sababu alichekwa akiwa amefungwa kama punda.

Kabla sijapanda bodaboda nilimwomba kocha tujaribu lile la vidole na yule dogo. Akakubali, akamfungua mwenyewe ile kamba. Nikasimama nyuma yake nikanyoosha vinne. Akageuka, akasema "vitatu", akapokea, mpira ukadunda kwenye shimo la kwato ukatoka nje. Mara ya pili akasema "viwili", na vilikuwa viwili kweli. Mpira ukadunda tena ukatoka.