Bomba la Moshi Lisilofukarisha Nyumba

Jijini Kampala gari la Subaru Impreza limependwa na vijana kwa miaka mingi, na wengi walilipenda kwanza katika mashindano ya mbio za magari. Miongoni mwao wamo wanajeshi na polisi, ambao hulinunua likiwa limekwisha kutumika Japani, pengine kwa mkopo wa chama cha akiba kama Wazalendo au Exodus. Gari likishafika nyumbani, tamaa ya kwanza huwa ni bomba la moshi, yaani ekzosi, ili lingurume kama yale ya mashindano. Tamaa hiyo si kosa. Kosa ni kuitimiza kwa fedha ya karo, au kumwachia fundi akate bila kueleza anakata nini.

KUJUA KINACHONUNULIWA

Moshi hutoka katika injini kwa manifoldi, ukapita katika turbo ikiwa gari linayo, kisha ukashuka hadi kwenye kichujio chenye vitundu vingi mfano wa sega la nyuki. Mafundi hukiita masega. Kutoka hapo hupita bomba la kati, ukaingia katika sailensa na kutoka nje.

Kwa mtu wa mshahara, sehemu ya kubadilisha ni ile iliyo nyuma ya masega. Hufungwa kwa bolti, kwa kawaida haidai kompyuta ya injini irekebishwe, na bomba la zamani laweza kurudishwa siku gari linapouzwa. Sehemu ya mbele, baina ya turbo na masega, huongeza nguvu zaidi. Lakini ikipanuliwa, turbo yaweza kusukuma hewa kupita kiasi na kuiharibu injini, isipokuwa kompyuta yake imepangwa upya. Gharama hiyo ya pili mara nyingi haimo katika bei ya kwanza anayotajiwa mnunuzi.

Yafaa pia ieleweke kwamba mngurumo wa Impreza nyingi za zamani hutokana na silinda zilizolala pande mbili pamoja na mabomba ya manifoldi yasiyolingana urefu. Sailensa hubadilisha tu kiasi cha mlio uliopo, haiuumbi. Impreza ya turbo yenye injini ya lita mbili hufaidika na bomba la inchi mbili na nusu hadi tatu. Ile ya lita moja na nusu isiyo na turbo, ikivikwa bomba la inchi tatu, itapiga kelele nyingi na kuwa nzito kupanda kilima cha Mbuya.

KISEKKA AU KATWE?

Katika soko la Kisekka hupatikana mabomba yaliyotumika Japani, pengine ya watengenezaji wenye sifa kama Fujitsubo au HKS. Mnunuzi asitazame jina lililochorwa peke yake. Aligeuze bomba, agonge sailensa kwa kifundo cha kidole na kusikiliza kama kuna vyuma vilivyolegea ndani, kisha akague kutu kwenye maungio. Sumaku ndogo nayo husaidia, ingawa si hakimu wa mwisho: chuma bora kisichoshika kutu huvutwa kidogo tu au hakivutwi kabisa.

Mafundi wa Katwe nao huweza kuunda bomba zima kwa bei nafuu, mradi waelekezwe vema. Bomba likunjwe bila kubonyea, lichomelewe mzunguko mzima wa kila ungio, na lining'inizwe kwa mipira yake ya asili. Bei ipatanwe kwa jumla, pamoja na flanji, gasketi na kazi ya kufunga. Wahenga walisema rahisi ghali, na bomba linalopasuka baada ya mvua mbili hulithibitisha neno hilo.

MASEGA YABAKI

Fundi akisema masega yameziba na kwamba akiyaondoa atapunguza bei, mwenye gari asikubali upesi. Ndani yake mna madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu, ambayo wanunuzi wa vyuma huyatafuta sana. Huenda fundi anaondoka na kitu chenye thamani kuliko bomba analolifunga. Aombwe kwanza apime na kuonyesha kwamba yameziba. Yakibadilishwa kwa haki, ya zamani yarudi nyumbani na mwenyewe.

Gari lililoondolewa masega hutoa moshi mkali zaidi, na likipangwa vibaya hulipuka kwenye bomba mfano wa risasi. Kampala ilipigwa na milipuko ya mabomu tarehe 16 Novemba 2021, mmoja karibu na kituo kikuu cha polisi na mwingine karibu na Bunge. Katika mji kama huo, koplo anayeingia kambini usiku kwa mlio wa risasi humfanya mlinzi wa lango ashike bunduki, na watoto waamke wakilia. Tangu mwaka 2003 Uganda imekuwa na kanuni za kudhibiti kelele. Askari atamkamataje raia kwa kosa analolipita nalo langoni?

Kazi ikiisha, injini ingali baridi, maungio yote yapakwe maji ya sabuni na gari liwashwe mahali pa wazi. Povu likitokea, bomba linavuja. Hewa ya kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na huweza kuingia ndani ya gari na kuua. Fundi asilipwe fedha ya mwisho kabla ya kuziba.

Kabla ya yote, mume na mke wakae na kuandika mambo matatu kwa mpango: breki, matairi, kisha bomba. Fedha ikiishia kwenye matairi, bomba lisubiri mwaka ujao. Abiria wa kiti cha nyuma, wenye sare za shule, hawatalikumbuka.