MBIO ZA HISANI HAZIISHII KWENYE UTEPE

Ndugu wanaushirika na wanakijiji wote,

Tangu itolewe hoja kwamba kijiji chetu kiandae mbio za hisani, tupate mfuko wa kuwasafirisha wagonjwa na akina mama wajawazito kwenda hospitali ya Haydom, maneno yamekuwa mengi. Wapo wanaosema mbio ni mchezo wa vijana. Wapo wanaouliza: mtu atoe hela ili akimbie, kwani amefukuzwa na nani? Swali hilo ni halali, tulijibu.

Tarehe 3 Desemba 2023, tope liliposhuka kutoka Mlima Hanang na kuua watu, misaada ilikuja toka kila pembe kwa sababu nchi nzima ilisikia. Lakini mama anayeshikwa uchungu usiku wa masika, barabara imekatika, yeye hatangazwi redioni. Mbio ndizo zinazomtangaza. Tangu 2020 mbio za benki ya CRDB zimechangia matibabu ya watoto wenye ugonjwa wa moyo katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Wengi waliokimbia hawakuwajua watoto wale, lakini walichangia.

Hesabu yenyewe ni rahisi, hata sisi wa kisomo cha watu wazima tunaiweza. Mkimbiaji mmoja wa kilomita 10 atafute watu 10, kila mmoja aahidi shilingi 200 kwa kilomita. Huyo ameleta shilingi 20,000. Wakiwa wakimbiaji 50, ni shilingi 1,000,000. Asiye na hela aahidi debe la mahindi, ushirika utauza. Asiyeweza kukimbia atembee.

Sasa jamani, hapa ndipo penye hoja yetu. Mbio hizi zitakwisha lini? Wengi watasema, mkimbiaji akikata utepe. Sisi tunasema hapana.

Tumtazame Ndugu John Stephen Akhwari, mtoto wa Mbulu hii hii. Tarehe 20 Oktoba 1968, kwenye marathoni ya Olimpiki mjini Mexico, alianguka njiani akaumia goti. Alifungwa bendeji, akaendelea. Wakimbiaji 75 walianza, 18 wakaishia njiani. Yeye akawa wa 57, wa mwisho, zaidi ya saa moja nyuma ya Mamo Wolde wa Ethiopia aliyeshinda. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwa maana hii: nchi yake haikumtuma kuanza mbio tu, ilimtuma azimalize. Miaka kumi baadaye, 1978, Ndugu Gidamis Shahanga wa Hanang alishinda marathoni ya Jumuiya ya Madola huko Edmonton, Kanada. Tunamheshimu sana. Lakini kwa kazi hii ya mfuko, wa kumwiga ni Akhwari.

Maana kuanza sote tunajua. Msingi ukichimbwa halafu ukaota majani, hizo ni mbio zilizoachwa njiani. Kwa hiyo tunashauri hivi:

1. Fulana na medali zisinunuliwe kwa fedha ya mfuko. Maji tutachota wenyewe.

2. Fedha zihesabiwe hadharani siku ile ile, na nusu ya kamati wawe akina mama, maana safari hizi ni zao zaidi.

3. Mapato, matumizi na baki vibandikwe kwenye ubao huu kila mwezi, hata kama baki ni sifuri.

4. Ahadi ni deni. Kiongozi aliyeahidi asipolipa, jina lake lisomwe kwanza, la katibu likiwemo.

Mbio zetu zitakuwa zimekwisha siku mgonjwa wa kwanza atakapofikishwa Haydom kwa fedha hizo, na kila mtu akaiona hesabu yake hapa ukutani. Kabla ya hapo tungali njiani.

Njooni mkutanoni tuamue. Anayepinga naye aje, asemee pale mbele ya wote, siyo kilabuni.

Umoja ni nguvu.

Katibu wa Chama, Tawi