Uchambuzi: Mraibu Aliyeamua Kuacha Pombe Aelekezwe Wapi?

Mwezi Februari 2024, watu wasiopungua 17 walipoteza maisha katika kijiji cha Kangai, Kaunti ya Kirinyaga, baada ya kunywa pombe yenye sumu. Msiba huo ulifuatwa na misako dhidi ya watengenezaji na kukazwa kwa masharti ya leseni. Hatua hizo zilimlenga muuzaji. Kwa upande wa mnywaji, limesalia swali ambalo halijadiliwi vya kutosha: aliyeamua leo jioni kuacha pombe, aende wapi?

Swali hilo linawahusu wengi. Utafiti wa mwaka 2022 wa Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Matumizi Mabaya ya Pombe na Dawa za Kulevya (NACADA) ulikadiria kuwa Mkenya 1 kati ya 20 wenye umri wa miaka 15 hadi 65 ana uraibu wa pombe. Vituo vya kurekebisha tabia haviwezi kuwapokea wote hao, na gharama yake huzishinda familia nyingi. Hata anayepata nafasi hukaa kwa muda maalumu, kisha hurejea katika mtaa uleule, kwa marafiki walewale na baa ileile.

Hapo ndipo vikundi vya kusaidiana huwa na umuhimu. Kikundi kinachofahamika zaidi duniani, Alcoholics Anonymous, maarufu kama AA, kilianzishwa mwaka 1935 mjini Akron, Marekani, na waraibu wawili waliogundua kwamba mazungumzo baina yao yaliwasaidia kutokunywa. Leo mikutano yake hufanyika katika nchi nyingi, Kenya ikiwemo. Sharti la kujiunga ni moja tu, yaani nia ya kuacha pombe. Hakuna ada, wanachama huchangishana wenyewe gharama za ukumbi na chai, wala kikundi hakipokei fedha kutoka nje.

Manufaa ya utaratibu huu yamepimwa. Mwaka 2020, shirika la Cochrane lilichapisha mapitio ya tafiti 27 zilizohusisha zaidi ya watu 10,000. Ilibainika kwamba wagonjwa walioelekezwa kwa AA kupitia programu maalumu walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuendelea kujiepusha kabisa na pombe kuliko waliopewa tiba nyingine zilizozoeleka. Matokeo hayo yana funzo kwa watunga sera, kwani katika programu hizo mtaalamu hakumtajia mgonjwa jina la kikundi na kumwacha ajitafutie. Alimwandaa, akamhimiza kuhudhuria na kufuatilia maendeleo yake.

Nchini, kiungo hicho ni dhaifu. AA haijitangazi kama biashara, na wanachama wake hawatajwi hadharani. Usiri huo humlinda mwalimu, askari au mama wa nyumbani dhidi ya fedheha, lakini pia huuficha mlango kwa anayeutafuta. Hata ufupisho wa jina huleta utata, kwa kuwa Wakenya wengi wakisikia AA hukumbuka kwanza chama cha wenye magari. Kijijini tatizo huzidi, kwa sababu mkutano unaweza kuwa mbali na nauli ni mzigo. Penye mkutano wa karibu, wahudhuriaji huenda wote wanafahamiana. Mwanamke anayekunywa hubeba aibu maradufu, na mara nyingi huchelewa kutafuta msaada.

Serikali haiwezi kuviendesha vikundi hivi bila kuvipokonya uhuru unaovifanya viaminike. Inachoweza kufanya ni kuonyesha njia. Katiba imezikabidhi kaunti huduma za afya za msingi pamoja na utoaji wa leseni za vileo. Kaunti inayojua idadi ya baa zake inaweza pia kujua siku, saa na mahali pa mikutano iliyo karibu, na kuziweka taarifa hizo katika kila zahanati. Wahamasishaji wa afya ya jamii, takriban 100,000 waliozinduliwa nchini kote mwaka 2023, hufika majumbani na wanaweza kumsindikiza mtu katika mkutano wake wa kwanza. Machifu, makanisa na misikiti wanaweza kutoa kumbi bila kuuliza majina.

Kwa anayehitaji msaada sasa, NACADA ina laini ya simu isiyotozwa malipo, 1192, ambako washauri nasaha humsikiliza mpigaji na kumwelekeza. Ni vyema aulize kama mkutano atakaoelekezwa uko wazi kwa wote au ni wa waraibu pekee, na unaendeshwa kwa lugha gani. Aliye mbali anaweza kujiunga na mikutano ya intaneti. Jamaa za waraibu nao wana kikundi chao, Al-Anon.

Tahadhari moja ni muhimu. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu asiache ghafla bila kumwona daktari, kwani degedege na kuweweseka kunakoweza kufuata huhatarisha maisha. Kwake yeye, hospitali hutangulia na mkutano hufuata. Anayempokea hospitalini anapaswa kujua, kabla ya kumruhusu arudi nyumbani, mkutano huo uko wapi na nani atampeleka.