Kompyuta Yangu, Nywila Yao

Fundi aliniambia elfu thelathini. Nikamuuliza ya nini. "Ya kupiga Windows, dada yangu," akasema bila kuinua macho kwenye simu aliyokuwa anaichokonoa. Nikamwambia Windows sitaki, nataka Linux, na flashi ninayo, nimeiandaa mwenyewe jana usiku. Shida yangu ni moja tu: mashine inakataa kuwaka kutoka kwenye flashi. Akaivuta, akaiwasha, akacheka kidogo. "Hii ina paswadi ya bayosi. Elfu hamsini."

Ugomvi wangu wote umo hapo, kwa hiyo nivumilie nieleze. Ukibonyeza kitufe cha kuwasha, kinachoamka kwanza si Windows. Ni programu ndogo iliyokaa kwenye chipu ya ubao mkuu. Mafundi wanaiita bayosi, ingawa kwenye mashine za miaka hii jina lake ni UEFI. Hiyo ndiyo inayoamua mfumo upakiwe kutoka wapi: diski ya ndani, flashi, au mtandao. Kuibadilisha nia ni kazi ya dakika mbili. Unazima, unawasha huku unagonga F12, au F9, au Esc, au F2 (kila kampuni na kitufe chake, kana kwamba walikaa kikao wakakubaliana wasikubaliane). Inatokea orodha, unachagua flashi, basi. Ikigoma, mara nyingi ni Secure Boot, kipengele kilichoenea pamoja na Windows 8 mwaka 2012, ambacho hukataa programu ya kuwashia isiyo na saini inayoitambua. Nacho kwenye kompyuta nyingi unakizima kwa kubadilisha neno moja.

Mimi sikufika huko. Orodha yenyewe ilikuwa imefungwa.

Laptopu hii niliinunua Kariakoo. Ubavuni ina stika iliyobanduliwa nusu, ya kampuni fulani ya Ulaya. Kampuni hiyo ilikumbuka kufuta siri zake kwenye diski kabla ya kuiuza. Nywila ikaiacha. Muuzaji wa hapa akapachika diski ambayo Windows 10 ilikwisha nakiliwa, ikawaka vizuri, nami nikalipa. Nilipowaandikia watengenezaji, wakataka risiti ya mnunuzi wa kwanza. Risiti yangu imeandikwa kwa kalamu: laptop 1, mali ikishauzwa hairudishwi.

Kwenye kompyuta za mezani za zamani ungechomoa ile betri ndogo ya ubao, nywila ikasahaulika. Kwenye laptopu nyingi za kiofisi haisahauliki. Imehifadhiwa kwenye chipu ambayo haitegemei umeme kukumbuka.

Utasema Windows 10 ilikuwa inawaka, nalalamika nini? Masasisho yake ya kawaida ya usalama yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai TPM 2.0 na prosesa mpya kuliko hii yangu, ambayo haina ugonjwa wowote. Na ndani ya mashine hiyo kuna sauti za wazee wa Tanga waliokata mkonge ujanani, mahojiano ya tasnifu yangu. Wengine walinitajia majina ya wanyapara, na ya watoto waliozaliwa nao. Nilisaini fomu ya maadili kwamba nitayalinda. Nayalinda kwa nini, kwa dua?

Rafiki zangu wanaosoma kompyuta wananiambia makufuli haya ni ya usalama. Siwabishii. Kuna programu hasidi zinazojichimbia chini ya mfumo, zikaamka kabla yake, na saini husaidia kuzizuia, ingawa BlackLotus ilionyesha mwaka 2023 kwamba hata Secure Boot hupenyeka. Nywila nayo humkwamisha mwizi. Lakini mimi si mwizi, nimenunua. Nyumba imeuzwa, ufunguo umebaki kwa mwenye nyumba wa zamani, naye hata hakumbuki kwamba anao. Usalama huo ni wa nani?

Na tusimtupie fundi lawama zote. Alifungua mashine, akabana chipu ya miguu minane kwa kibanio, akakaa nayo karibu saa nzima. Elfu hamsini aliitolea jasho. Wasiotoa jasho ni wale wa ofisi ya kule, ambao wangeingia kwenye bayosi na kufuta nywila wanayoijua kwa muda mfupi kuliko waliotumia kubandua ile stika nusu. Na wafanyabiashara wetu wanaoagiza mzigo wanalijua tatizo hili, ila wanapachika diski na kunyamaza.

Kwa hiyo ukienda kununua, nenda na flashi mfukoni. Kabla hujatoa hela, mwambie muuzaji azime mashine, aiwashe kutoka kwenye flashi yako, nawe unaangalia. Akikujibu kwamba hilo dogo, fundi atarekebisha, mwambie apunguze elfu hamsini.