Jina kubwa halipalilii bustani

Kila mwaka, kuanzia Aprili 1 hadi Novemba 1, watalii hutoka Paris asubuhi na kurudi jioni baada ya kuzuru Giverny, kijiji cha Normandy chenye wakazi wapatao 500, umbali wa kilomita kama 75 kutoka jijini. Wapo wanaokwenda kwa basi la kampuni ya utalii, na wapo wanaopanda treni katika stesheni ya Saint-Lazare hadi mji wa Vernon, kisha wakamalizia safari kwa basi dogo. Wote wanaifuata nyumba ya Claude Monet, mchoraji aliyehamia hapo mwaka 1883 akiwa mpangaji, akainunua mwaka 1890, na kuishi humo hadi alipofariki Desemba 1926. Ziara hii huuzwa kama safari ya kwenda kuona chimbuko la kipaji: njoo uone maua yaliyomfanya Monet awe Monet. Maelezo hayo yana mvuto, lakini yanapotosha. Kinachoonekana Giverny leo ni matokeo ya ajira, fedha, vibali na matengenezo yasiyokoma. Kipaji peke yake kingetuachia gofu, na kwa takribani miaka 30 ndilo kililotuachia. Mtalii anayerudi Paris bila kuelezwa hayo amelipia ziara nzima akapewa nusu.

Tuanze na kilichopo. Nyumba yenyewe ni ndefu, kuta zake za rangi ya waridi na madirisha yake ya kijani. Chumba cha kulia kimepakwa manjano kila mahali, hata makabati, na jikoni ukutani kuna vigae vya buluu. Kutani zimetundikwa picha za Kijapani zilizochapwa kwa vibao vya mbao, za mabingwa kama Hokusai, Hiroshige na Utamaro, ambazo Monet alizikusanya kwa miaka mingi. Mbele ya nyumba kuna bustani ya maua yenye ukubwa wa takribani hekta moja, na ng'ambo ya barabara, unakofika kwa kupita njia ya chini ya ardhi, kuna bwawa la mayungiyungi na lile daraja la Kijapani linalojulikana duniani kote. Ila picha za Monet mwenyewe zinazoonekana kwenye kuta za karakana yake ni nakala. Ukitaka zilizotoka mkononi mwake, rudi Paris uende makumbusho ya Marmottan au Orangerie. Hapo ndipo mwongozaji mzuri anapopaswa kuanza kazi yake, kwa sababu mgeni ana haki ya kuuliza: kama picha hazipo, tumekuja kuona nini?

Jibu ni kwamba tumekuja kuona kazi nyingine ya Monet, ambayo hakuifanya peke yake. Bwawa lile halikuwepo. Mwaka 1893 alinunua kipande cha ardhi upande wa pili wa njia ya reli iliyopita mbele ya bustani yake, akaomba kibali cha kuchepusha maji ya kijito kinachotoka mto Epte. Majirani walipinga. Walihofia kwamba mimea hiyo ya kigeni ingeharibu maji waliyoyategemea kwa kufua na kunyweshea mifugo. Ilibidi Monet aiandikie serikali ya mkoa kujitetea, na hatimaye kibali kikatoka. Mayungiyungi yenye rangi mbalimbali nayo hayakuota yenyewe. Yalikuwa aina mpya zilizozalishwa na mkulima Mfaransa Latour-Marliac, aliyeyaonyesha katika maonyesho makubwa ya dunia yaliyofanyika Paris mwaka 1889. Kwa hiyo mandhari ambayo wengi huidhani ni zawadi ya maumbile ilitokana na uhandisi wa maji, sayansi ya mbegu na mvutano wa kijiji kuhusu nani ana haki na mto.

Kisha kuna watu waliolihudumia bwawa hilo. Monet aliajiri watunza bustani wapatao sita, na mmoja wao kazi yake ilikuwa bwawa tu. Huyo aliingia katika mashua asubuhi, akaondoa majani yaliyokufa, akatoa magugu ya majini na kuosha vumbi lililotua juu ya mayungiyungi, ili mwajiri wake akija na turubai na brashi akute maji safi yanayoakisi mawingu. Vumbi lilipozidi kwa sababu ya magari yaliyopita karibu, Monet aligharimia kuwekwa lami kwenye barabara ya pale. Tafakari jambo hilo kwa makini. Utulivu tunaousifu katika picha zake za mayungiyungi, ambazo ni takribani 250, ulisafishwa kwa mkono kabla ya kuchorwa. Nyuma ya kila uso wa maji uliotulia kuna kibarua aliyeshika upondo. Mwongozaji anayemtaja Monet mara mia na kumruka mtu wa mashua amesimulia habari isiyo kamili.

Na mishahara hiyo ililipwa na soko. Monet alikuwa ameonja ufukara katika ujana wake, na bustani ya bwawa hakuimudu hadi picha zake zilipopata wanunuzi, hasa baada ya mfanyabiashara wa sanaa Paul Durand-Ruel kuzipeleka Marekani mwaka 1886. Mauzo yalipopanda ndipo alipoweza kununua nyumba, kisha shamba la bwawa, kisha kuajiri. Kusema hivi si kumshusha hadhi. Ni kuwaambia vijana wanaopenda sanaa ukweli ambao masimulizi ya kitalii huuficha: mchoraji huyu alijua bei ya kazi yake, alibishana na wauzaji, na faida aliirudisha kwenye mazingira ya kazi. Anayeambiwa kwamba Monet alikaa tu chini ya mti akasubiri hisia zimjie anafundishwa kuwa msanii masikini wa siku zote.

Ushahidi mzito kuliko wote, hata hivyo, unatokana na yaliyotokea baada ya kifo chake. Blanche Hoschedé-Monet, binti yake wa kambo aliyekuwa pia mkwe wake, aliitunza bustani hadi alipofariki mwaka 1947. Baada yake hapakuwa na mtu wa kuishikilia ipasavyo. Michel, mtoto wa Monet, hakuishi hapo, na alipokufa kwa ajali ya gari mwaka 1966 aliiachia mali hiyo Akademia ya Sanaa ya Ufaransa. Kufikia mwaka 1977, ukarabati ulipoanza, sakafu na boriti zilikuwa zimeoza, ngazi moja ilikuwa imeanguka, na ndani ya karakana kubwa kulikuwa kumeota miti mitatu. Bwawa lilihitaji kuchimbwa upya. Sasa linganisha na kilichokuwa kikiendelea kwingineko katika miaka hiyohiyo. Mwaka 1955 makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York yalinunua picha kubwa ya mayungiyungi, na sifa ya Monet ikawa inapanda kila kukicha. Jina lilikuwa juu, bustani ilikuwa msitu. Wahenga walisema kizuri chajiuza, na huenda ni kweli sokoni, lakini Giverny inaonyesha kwamba kizuri hakijitunzi.

Aliyepewa kazi ya kuifufua, Gérald Van der Kemp, alikuwa amekwisha kujijengea heshima kwa kukarabati kasri la Versailles. Alipofika Giverny alikuta fedha za ndani hazitoshi, akageukia wafadhili, wengi wao Wamarekani, na kazi nzima ikachukua takribani miaka kumi. Milango ilifunguliwa kwa umma mwaka 1980, kazi ikiwa bado inaendelea. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na Ufaransa, pamoja na utajiri wake, ililazimika kujenga ukuta kwa fedha za kuomba ng'ambo ya bahari. Hata picha zenyewe hazikusalimika na uzembe wa aina hii. Michoro mikubwa ya mayungiyungi ambayo Monet aliitolea ahadi kwa taifa lake baada ya vita kumalizika Novemba 1918, na kuifanyia kazi huku macho yake yakisumbuliwa na mtoto wa jicho, iliwekwa Orangerie mwaka 1927 katika kumbi mbili za duara-yai zilizobuniwa ili zipate mwanga wa asili kutoka juu. Katika miaka ya 1960 ghorofa nyingine ilijengwa juu yake na mwanga huo ukazibwa. Ulirudishwa baada ya matengenezo yaliyokamilika mwaka 2006. Kwa miaka kama 40, kazi ya mchoraji wa mwanga ilitazamwa kwa taa za umeme, jijini Paris kwenyewe.

Kuna wanaosema kwamba kama hali ni hiyo, basi Giverny ya leo ni ya kuigiza. Daraja lilijengwa upya, maua hupandwa upya kila msimu, mikono inayopalilia si ile aliyoijua Monet. Hoja hii ina uzito kwa jengo au kwa picha, lakini haina nguvu kwa bustani. Bustani iliyobaki kama ilivyokuwa mwaka 1926 ingekuwa imekufa. Monet mwenyewe aling'oa, akapanda, akahamisha na kubadili kila mwaka kwa zaidi ya miaka 40, na aliyekuja 1900 hakuona bustani aliyoiona mgeni wa 1920. Uhalisi wa bustani hupimwa kwa mwendelezo wa malezi: je, wanaoilea leo wanafuata kumbukumbu, picha za zamani na mpangilio wa rangi alioutaka mwenyewe? Kosa linakuja pale mwongozaji anapowaacha wageni waamini kwamba hakuna kilichoguswa. Akiwaeleza kipi ni cha asili na kipi kilirejeshwa, ziara inazidi thamani.

Wengine hulalamikia msongamano. Zaidi ya watu nusu milioni hupita hapo katika msimu wa miezi saba, na mtalii wa siku moja husukumwa kutoka chumba hadi chumba, akasimama darajani dakika chache apigwe picha, kisha akaitwa basini. Malalamiko haya ni ya haki, na dawa yake haiwezi kuwa maneno matamu. Lakini tusisahau kwamba tiketi za umati huo zinachangia mishahara ya watunza bustani. Upungufu wa muda unaweza kuzibwa kwa maelezo bora. Saa mbili zenye habari ya mto uliochepushwa, mtu wa mashua, miti iliyoota karakanani na miaka kumi ya ukarabati zinamtosha mgeni aelewe alichokiona. Saa tano za kutajiwa majina ya maua hazimtoshi.

Hoja ya mwisho ni ile ya nyumbani: haya yanamhusu nini msomaji wa Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura, ambaye huenda asiifikie Giverny maishani? Yanamhusu kwa sababu nasi tuna wachoraji wenye majina makubwa na tunadhani majina hayo yanatosha. Edward Saidi Tingatinga alifariki mwaka 1972 jijini Dar es Salaam akiwa na miaka ipatayo 40. Hakuacha kasri wala bwawa. Aliacha vibao vilivyopakwa rangi zinazong'aa, na vijana aliowafundisha, ambao waliendelea kuchora na kuuza kwa pamoja hadi wakawa na ushirika wao. Watu wengi wanaoitambua picha ya Tingatinga leo wanaitambua kwa sababu karakana haikufungwa. Ukitazama vizuri, ni kisa kilekile cha Giverny kwa bajeti ndogo: urithi ulibaki hai pale palipokuwa na watu wanaoamka asubuhi na kuufanyia kazi, wakalipwa kwa kazi hiyo. Kwa hiyo anayedai kwamba kuhifadhi ni anasa ya nchi zenye wafadhili wa Marekani anapaswa kueleza mafundi wa Dar es Salaam waliwezaje bila wao. Na anayedhani kuhifadhi ni kuweka kibao chenye jina na kukata utepe, akumbuke miti mitatu ndani ya karakana ya mtu aliyekuwa maarufu kuliko wachoraji wengi wa karne yake.

Ndiyo maana ziara ya Giverny inafaa kwa mwenye uwezo wa kwenda, awe mwanafunzi aliyeko Ulaya, Mswahili anayeishi huko au mgeni wa wiki moja, mradi aende akiwa na maswali yanayostahili. Amuulize mwongozaji ni nani aliyelisafisha bwawa asubuhi ile, ni kipi kilijengwa upya, fedha zilitoka wapi, na nyumba ilikuwaje mwaka 1977. Kampuni za utalii ziwalazimishe waongozaji wao wajue majibu. Na sisi tuliobaki huku, wizara za utamaduni, halmashauri, familia za wasanii na wanunuzi wa kazi zao, tuache kupima heshima kwa hotuba za maziko. Tutenge fungu la fagio, la rangi, la paa na la mshahara wa mtunzaji kila mwaka, maana bila fungu hilo jina la msanii litabaki vitabuni na nyumba yake itaota miti.